Unga wa Sibomana

Pigo la kwanza la panga lilipata muti. La pili lilipata muguu wa Sibomana.

Hakulia. Alikuwa juu ya mutende, magoti yamebana shina, na Rachidi amepanda ngazi nyuma yake. Alisema neno moja tu, polepole, kama mutu anayeomba maji:

"Papa Rachidi, acha nimalize mukungu huu, kisha utanipiga."

Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa pili wa mwaka wa 1955, saa saba ya muchana, jua kali, wanaume wote wa mutaa wako musikitini. Rachidi alikuwa amechelewa na kamio, lori lake la mizigo, kutoka Bunagana. Muke wake Asumini alimukuta ku mulango, akamuambia kuna mutu juu ya mitende ya muzee.

Mitende hiyo miwili ndiyo ilimushikia Rachidi kiwanja. Baba yake, Muzee Hilali, alitoka Oman, kule ndani ambako nyumba za udongo zinaishia na muchanga unaanza, siku nyingi za safari bila kivuli. Maji ya kwao, alikuwa akisema, yanatoka mulimani yakipita chini ya ardhi, katika mifereji iliyochimbwa na mababu, na kila shamba lina zamu yake, inayopimwa kwa kivuli cha fimbo. Mutu akiiba maji ya jirani, damu inaweza kumwagika. Kokwa za tende alizileta mwenyewe. Alizipanda Goma katikati ya mawe meusi ya volkano, kila shimo akalijaza udongo wa Rutshuru.

Rachidi hakusikiliza mambo hayo. Yeye alikuwa mutu wa kamio. Baba akianza habari za mashamba, muguu wa Rachidi tu ndio ulionekana chini ya injini. Aliyesikiliza ni Sibomana, mufanyakazi, Mukristo wa Rutshuru, aliyeshika jembe la muzee miaka ishirini. Siku muzee alipotaka kumupa zawadi, Sibomana alikataa mbuzi. Akaomba chipukizi la mutende wa tatu, ule ambao haujatoa hata tende moja tangu upandwe. Mutaa muzima ulicheka. Akalibeba kichwani mpaka kwake Keshero, akalipanda.

Muzee alipokuwa anakufa, alisema mbele ya mashahidi: kiwanja ni cha Rachidi, mradi mitende imuzalie. Ikimunyima miaka miwili ya kufuatana, kiende ku musikiti.

Kabla ya arobaini kwisha, Rachidi alikwisha kumufukuza Sibomana na kukata ule mutende wa tatu, apate mahali pa kuegesha kamio. Sibomana alirudi ku mulango, akapiga magoti, anataka kusema jambo juu ya ule muti. Rachidi alimupiga kofi mbele ya watu. Jambo lake akaenda nalo.

Miaka miwili mitende ilizaa mpaka majani yakainama. Kila Ramadhani Asumini alituma sahani za tende kwa majirani, nao walisema baraka ya baba iko juu ya Rachidi.

Basi leo Rachidi anamukuta mutu huyohuyo huku juu, mufuko shingoni, vidole vyeupe vya unga, anafunga vitu kwa kamba ndani ya maua. Hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa anafunga uzazi wa miti.

Pigo la tatu lilipata bega. Sibomana alianguka juu ya mawe kama gunia. Rachidi alishuka akamupiga kwa viatu, tumboni, usoni, mpaka Asumini akamushika shati likapasuka. Mudomo wa Sibomana ulikuwa umejaa damu. Aliinua vidole vyake, akavitazama.

"Bado sita," alisema.

Asumini alifikiri anahesabu watoto wake.

Sibomana alikufa kabla ya magaribi. Ku biro ya teritwari, mbele ya serikali, majirani walisema ni mwizi, ameanguka.

Rachidi alipanda mitende yote miwili, akang'oa kila kamba, akaosha maua kwa maji ya sabuni. Mukungu mumoja tu, wa juu kabisa kati ya miiba, mukono wake haukufika. Ule mufuko wa unga aliutundika ndani, uwe ushuhuda. Kesho yake alienda Keshero na bidoni ya mafuta, akauchoma mutende wa muchawi mpaka mizizi, Mukantwari, mujane wa Sibomana, akiwa amesimama anatazama.

Mwaka ule mitende ilitoa vidude vidogo visivyo na kokwa, vikaanguka vibichi. Mukungu ule wa juu, wenye kamba, ndio uliiva peke yake. Rachidi aliukata na kuuzika. Nani atakula sumu?

Ulibaki mwaka mumoja wa sharti la baba. Mwezi wa pili ulipofika, na maua mapya yalipoanza kupasuka, ndugu mudogo wa Muzee Hilali aliingia Goma kutoka Oman, mwenye ndevu nyeupe na maneno machache. Rachidi alimuketisha chini ya mitende, akamuelezea yote juu ya uchawi ule, Asumini akileta kahawa. Mutu mwenyewe hakumutaja. Kisha akaweka mufuko mbele yake.

Mugeni alichovya kidole, akanusa. Kwa mara ya kwanza tangu afike, alicheka.

"Mutoto wangu, uchawi gani? Huu ni unga wa mutende dume. Bila huu, jike halizai, hata kwetu." Akapangusa kidole ku kanzu, akainua macho kutazama maua. "Lakini huu wa mwaka jana umekwisha kufa. Mumwite sasa hivi mutu anayewafanyia kazi hii, alete mupya kutoka ku dume lake. Maua yatangoja siku tatu tu."