Mmea wa Meza ya Mapokezi

Jioni ya kumi mfululizo, mkutubi alitega sikio kuelekea ngazi za chini, akaridhika kwamba yuko peke yake, kisha akaumiminia ule mmea kikombe kizima cha maji.

Haukuwa wake. Ulikuwa wa Chiriku, mkutubi mwenzake, binti wa miaka ishirini na mitatu aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika hata ndani ya maktaba.

Chiriku aliukuta Jumatatu moja asubuhi juu ya meza ya mapokezi, umepandwa ndani ya kopo la rangi lililosuguliwa likatakata. Hapakuwa na barua wala jina. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza zamu ya asubuhi. Alikuwa amejiandikisha masomo ya jioni, akamwomba Dada wabadilishane. Dada ndivyo alivyomwita mwenzake huyo, aliyemzidi miaka kumi na mitano. Saa saba mchana Dada alipoingia kazini, habari ilikuwa imeshawafikia hata wasomaji.

"Dada, kuna mtu ananipenda kimyakimya," Chiriku alisema. "Tazama majani yalivyonona. Kama vidole vya mtoto mchanga."

"Nani huyo?"

"Ningemjua si ningekwambia?"

Dada alimjua. Ukingoni mwa kopo palikuwa na tone la gundi ya kahawia, na katika jengo zima gundi ile alikuwa nayo mtu mmoja tu: fundi wa majalada, aliyeshona vitabu vilivyochanika katika chumba cha chini. Mwanamume mpole, wa maneno machache. Kwa miaka sita Dada alimpelekea vitabu kwa mkono wake mwenyewe, hata vile visivyohitaji kushonwa. Kimoja aliwahi kukichana makusudi. Na bado mmea ulikwenda kwa Chiriku.

Kila Dada alipoingia zamu alikuta majani yamepanguzwa vumbi na kopo limegeuzwa kufuata jua. Chiriku alimuuliza kila msomaji jina la mmea ule. Mmoja akasema ni mshubiri, mwingine akacheka, akasema mshubiri haufanani hivyo hata kidogo.

"Nitafutie wewe, Dada," Chiriku alimwomba. "Wewe ndiye bingwa wa kutafuta."

Dada aliupata siku hiyohiyo, katika kitabu cha mimea ya ndani: majani ya mviringo, ukingo mwekundu, na unga mweupe unaofutika ukiguswa. Akasoma kwamba huweka akiba ya maji majanini, kwamba hunyweshwa mara moja kwa wiki mbili, tena udongo ukiwa mkavu kabisa. Maji yakizidi, mizizi huoza. Sentensi hiyo ya mwisho aliisoma mara mbili.

"Umeupata?" Chiriku aliuliza kesho yake.

"Bado, mdogo wangu."

Jioni ile ndipo alipoanza.

Fundi naye, kila alipopanda kwenda nyumbani, alisimama kidogo mezani, akautazama mmea na kutabasamu.

"Unaendeleaje?" alimuuliza Dada siku moja.

"Si unauona," Dada alimjibu, macho yake kwenye kadi za wasomaji. Fundi alisita kidogo, kisha akaenda zake.

Wiki ya tatu majani yakalainika kama yaliyochemshwa, yakawa yanadondoka yenyewe. Chiriku alilia kwa kwikwi, akaenda kuutupa. Dada alimpa leso, akamfuta na machozi. Moyoni alisikia utamu, kisha aibu, kisha utamu tena.

Mwisho wa mwezi fundi alipanda ngazi na mfuko wa zana begani. Alikuwa amepata kazi mji mwingine, na gari lilikuwa linamngoja nje. Aliweka funguo zake mezani, lakini hakuondoka.

"Nilikuona ukiumwagilia," alisema. "Kila jioni. Nilikuwa nasimama palepale kwenye ngazi, nisikusumbue."

Dada alizivuta funguo karibu, akaanza kuzipanga moja moja.

"Usijilaumu kwamba mmea umekufa. Kosa ni langu. Ningekuandikia kwamba hautaki maji mengi, lakini siku ile nilishindwa kuandika hata jina langu. Niliuacha tu hapa mezani alfajiri, nikijua Jumatatu ni wewe unayefungua."