Perege wa Baba Sekela

Bwawani Mtera hakuna anayetupa nyavu tena. Kila mtu ana perege wake, mwenye jina lake ubavuni, na kila Jumamosi samaki huyo hujileta mwenyewe ufukweni, kwa adabu zote. Asiyeletewa hamalizi wiki; bwawa halijawahi kukosea.

Jumamosi ile Mama Sekela alirudi na perege mmoja tu, wa kwake. Akamparua magamba mpaka jina likafutika, akamkaanga, akamtengea mumewe.

“Na wako?” akauliza Baba Sekela.

“Nimemla jikoni. Uroho tu, Baba Sekela.”

“Miaka arobaini hujawahi kula kabla yangu.”

Mama Sekela akamsogezea chumvi. Mzee akachambua miiba taratibu.

“Basi kesho niitie seremala,” akasema, “anipime nikiwa bado nasimama.”