Magunia Mawili ya Chumvi

Gunia la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. Bi Kuluthum aliliegemeza kwenye ukingo wa kisima, akalikata mshono kwa kisu cha jikoni, akaimwaga chumvi yote ndani. Jua lilikuwa limeshachomoza. Majirani walisimama wakimtazama na hakuna aliyemzuia, maana shauri lilikuwa la mtaa mzima.

"Siku tatu tu, mwanangu," alisema, akiangalia chini majini.

Kisima kilikuwa cha Awadh. Huyo ndiye mwanawe wa pekee, aliyefariki kwa homa mwaka wa hamsini na sita. Mama mtu aliuza bangili zake zote za dhahabu akamchimbia kisima hapa Changamwe, kiwe sadaka isiyokatika: kila anayekunywa, thawabu zimfikie Awadh kaburini. Matangani hakulia, na tangu hapo hajalia. Moyo ulikufa ganzi, basi. Kilichobaki ni kukaa barazani kila asubuhi na kuwatazama wanaokuja na ndoo. Maji yalikuwa matamu hata kiangazi kikaze vipi, na kila ndoo iliyopita mbele yake aliijua imekwenda kwa nani.

Sasa ulikuwa mwaka wa sitini, na kampuni moja ilitaka kujenga kiwanda kikubwa. Karani wao, Obeid, kijana wa kisiwani mwenye adabu zake, alikuwa amepita nyumba hadi nyumba na daftari. Aliuliza mwanywa wapi, mwafua wapi, upepo wavuma kutoka wapi, makaburi yako wapi. Akasema atarudi na mzungu kupima maji ya visima viwili, hiki cha Awadh na kile cha kina Gona, ng'ambo ya bonde. Bi Kuluthum akamuuliza yote hayo ni ya nini.

"Hatuna ruhusa kusema, mama. Watu wakijua swali ni la nini, majibu yao hupinda."

Haya. Kama kuna neno la kumtia mtu wasiwasi, ni hilo. Wakati wa vita vya Wazungu, wanajeshi waliopiga kambi hapa walikuja vivyo hivyo, na maswali na chupa. Wakayaonja maji ya kisima cha mzee Barakat, wakayasifu sana, na wiki ya pili wakakizungushia seng'enge. Barakat aliishi miaka yake iliyobaki akiomba maji kwa watu. Kwa hiyo pale mtaani hapakuwa na haja ya kuelezana. Anayekuja kuulizia maji yako ameshayatamani.

Bi Kuluthum alivuka bonde mwenyewe kwenda kumwonya Gona. Gona alikuwa akipalilia mihogo yake. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye mtu akimuuliza, humjibu kama mambo yalivyo. Bi Kuluthum alirudi akimsikitikia. Mtu mzima, aliwaambia majirani, na kisima chake atakitoa kwa mkono wake mwenyewe.

Mzungu alikuja siku moja baada ya ile chumvi kumwagwa. Alijaza chupa mbili, akazifunga vizibo. Obeid alichota kwa kiganja, akaonja, akatema pembeni kwa heshima. Akauliza, kwa niaba ya mzungu, kama kuna mtu anayeyanywa.

"Nani atakunywa haya, baba? Twafulia tu, na sabuni yenyewe yakataa kutoa povu."

Alilisema bila kupepesa macho. Ilikuwa ni kumkana Awadh mbele za watu, na alijua hivyo, lakini hakuhisi kitu. Majirani nao, mmoja baada ya mwingine, wakasema kisima kina chumvi tangu kilipochimbwa. Yote yakaandikwa.

Siku hizo mtaa ulikunywa kwa kina Gona. Gona hakumnyima mtu maji, wala hakumcheka mtu.

Wapimaji walipokwisha kuondoka, vijana walikikomba kisima, wakakikomba tena. Siku tatu zikawa tisa. Ilipofika mara ya tano maji yakarudi kama zamani, na Bi Kuluthum akarudi kwenye baraza yake. Ndoo zikapita. Aliziona ndoo kumi na saba asubuhi ya kwanza, na usiku ule alilala mpaka alfajiri, jambo ambalo halikuwa limemtokea kwa miaka minne.

Mwezi wa pili baada ya hapo Obeid alikuja na barua. Alitoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaketishwa barazani kwa Bi Kuluthum kwa kuwa ndiyo iliyokuwa pana. Watu wakakusanyika. Jua lilikuwa kali naye amekuja kwa miguu, kwa hiyo kabla ya yote alipewa maji kwenye bilauri. Akanywa nusu, akaikunjua barua, akasoma taratibu ili kila mtu asikie.

Kampuni ilikuwa imeamriwa isiguse mahali penye maji ya kunywa ya watu. Kwa sababu hiyo kisima cha kina Gona, pamoja na nyumba na mashamba yanayokizunguka, vitaachwa kama vilivyo na kulindwa. Maji machafu ya kiwanda yatamwagwa upande huu wa bonde, kwenye kisima cha Awadh, kwa kuwa maji yake yamepimwa, wenyeji wameulizwa, na imethibitika kwamba hakuna mtu anayeyanywa.

Obeid aliikunja barua, akainua bilauri, akamaliza nusu iliyobaki, akamgeukia Bi Kuluthum.

"Maji matamu haya, mama," alisema. "Mwayateka wapi?"