Kifungo cha Mwisho

Jua la miezi miwili lilikuwa limevikatakata vifungo vyeupe vya plastiki alivyofunga Fundi Nyange, na waya wa umeme wa zahanati ulioshikiliwa navyo ukaning'inia ukutani.

“Baba, hii ni kazi au kamba ya kuanikia nguo?” aliuliza Bi Sikudhani, msimamizi wa zahanati. “Plastiki hiyo haihimili jua. Weka vifungo vya chuma, na usivikaze mno. Waya nao hupanuka kwa joto.”

Nyange aliinamisha kichwa. Tangu mkewe azikwe, hapakuwa na mtu wa kumwambia amekosea.

Akafunga upya, kimoja kimoja, akimshukuru Mungu kwa kila kimoja. Cha mwisho akakiacha makusudi kimelegea kupita kiasi, akashuka, akaketi kando ya ngazi, macho kwenye mlango wa Bi Sikudhani, akingoja atoke amkosoe tena.