Mafuta Yaliyonyamaza

Tone la maji lilidondoka kwenye karai la mafuta ya moto. Likazama, likatulia chini kama ushanga. Mafuta hayakuruka wala kulia, ingawa kipimajoto kilisoma nyuzi mia na hamsini.

Peishan aliinama. Ncha ya kipimajoto ilikuwa imeegemea waya wa moto unaopasha mafuta. Kumbe siku zote ilipima waya, si mafuta. Na humo ndimo kichocheo chake cha kutengenezea plastiki kilimostahimili nyuzi mia na hamsini, wenzake wakampigia makofi.

"Dada mkubwa, supu ya kondoo imeiva," mwenzake mdogo wa maabara aliita mlangoni, yule ambaye Peishan alimcheka vichocheo vyake vilipokufa kwa joto. "Mwalimu hashiki kijiko bila wewe."

Peishan akakisogeza kipimajoto mbali na waya. Namba zikaanza kuporomoka.

Mwenzake akaachia mlango, akaja kutazama.