Ruba wa Zambarau

Samaki aina ya trauti wa bwawani walikuwa wamemnyofoa vibaya yule ruba wa bandia, chambo ambacho mume wa Nakijwa hakukubali kuvua bila kuwa nacho. Nakijwa alikibana kwenye jiliwa, kibanio kidogo cha chuma cha mezani, akaanza kufumua manyoya meusi kwenye ndoana ili akifunge upya.

Chini ya manyoya zikatokea nyuzi za sufu za zambarau. Ilikuwa rangi ya shali yake iliyopotea tangu baridi ya mwaka jana, shali aliyodhani ameiona mabegani mwa mwanamke mmoja sokoni. Wakati ule hakumuuliza mumewe. Alinuna tu, akawa anapakua chakula bila neno.

"Baba Elia," aliita, "uzi huu umeutoa wapi?"

Mumewe alisimama mlangoni, macho chini. "Samaki walikuwa wamekataa kila kitu, Mama Elia. Nikakata pindo tu. Wakala. Nikakata tena."

"Na iliyobaki iko wapi?"

Akatoa kwenye mfuko wake wa kuvulia kipande kisichozidi kiganja.

Nakijwa alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mwizi mkubwa wewe! Na mimi nikakuwazia mengine."

"Mengine gani?"

Nakijwa alichomoa uzi mrefu kwenye kile kipande, akauzungusha kwenye ndoana, akafunga manyoya juu yake, kisha akamtumbukiza ruba kwenye bakuli la maji. Wakainama wote wawili kutazama. Manyoya yakafunuka taratibu, na ruba akaanza kupumua kama aliye hai.