Ukwato Uliobaki Juu

Zamani, ujirani ulipokuwa bado una maana, Bi Nguchiro aliishi shimoni na wanawe, ubavuni mwa Nyati. Walikuwa wamekula kiapo kwamba adui wa mmoja ni adui wa wote wawili. Tangu siku hiyo fisi hakuonekana tena, na Bi Nguchiro kazi yake ikawa kuota jua. Wanawe hata kuuma hakuwafundisha.

"Ya nini?" alisema. "Nina pembe mbili pale nje!"

Asubuhi moja, Swila, nyoka mwenye sumu kali, akajipenyeza shimoni, na watoto wamo ndani.

"Jirani! Njoo umponde!" Bi Nguchiro akapiga yowe kutoka pale juani.

Nyati akaja mbio, akainua ukwato, akauacha juu.

"Shusha basi! Unangoja nini?"

"Nikikanyaga hapa, mama, shimo litawafukia wanao pamoja na nyoka. Huko ndani ni kazi ya meno yako."

"Meno yenyewe yameshakuwa butu!"

"Butu si kibogoyo. Ingia. Akitoka nje, ataniona mimi."

Bi Nguchiro akaingia. Akauma, akakosa, akauma tena. Swila akaona heri akimbie, na alipotokeza kichwa tu, ukwato ukamshukia.

Watoto wakatoka wazima, vumbi tupu. Bi Nguchiro akaukumbatia mguu wa Nyati.

"Ahsante kwa ukwato ulioushusha, jirani. Na ahsante zaidi kwa kuuzuia kwanza."

Kisha akawageukia wanawe, waliokwisha kujilaza juani.

"Inukeni, wavivu nyie! Leo tunajifunza kuuma."